Tairi la Tela Huamuliwa kwa Ndani

Tela la shamba ndicho chombo kinachobeba mzigo mkubwa kuliko vingine katika mashamba yetu ya Malindi, na ndicho kinachotunzwa kidogo kuliko vingine. Trekta hubadilishiwa mafuta kwa wakati, hupanguswa vumbi na kulazwa chini ya kivuli cha mwembe. Tela huachwa juani tangu msimu wa maembe umalizike hadi mwingine uingie, na siku linapohitajika mtu hulizunguka, akayapiga teke matairi yake, na akisikia mlio mzito huridhika kwamba safari ipo. Pancha inapotokea, mazungumzo yote huwa juu ya tundu: liko wapi, ni kubwa kiasi gani, na fundi ataliziba kwa shilingi ngapi. Mimi ninasimamia shamba la familia yetu lililo upande wa Jilore, na katika miaka niliyoshughulika na tela letu nimefikia msimamo ambao ningependa kuueleza kwa kirefu. Tundu ni habari ndogo. Kinachoamua kama tairi litazibwa au litatupwa ni nyuzi zilizofumwa ndani ya mpira, na nyuzi hizo hazionekani mpaka tairi litolewe kwenye rimu na kumulikwa kwa ndani.

Ni vyema tuanze na mzigo wenyewe, kwa sababu wengi hudhani kwamba tela likienda polepole basi matairi yake hayapati taabu. Tuseme tela la ekseli moja limepakiwa hivi kwamba kila gurudumu limeachiwa kilo 1,500, jambo ambalo ni la kawaida kabisa wakati wa kuvuna. Tukijaza upepo wa pauni 60 kwa kila inchi ya mraba, kila sentimita ya mraba ya sehemu inayogusa ardhi itabeba kilo nne na kitu, na kwa hiyo uzito wote huo utakalia sentimita za mraba 350 hivi, eneo linalozidi kidogo ukurasa wa daftari la shule. Anayeubeba uzito huo ni upepo uliofungiwa ndani. Mpira kazi yake ni kuuzuia upepo usivuje na kuukinga usichomwe na mawe. Lakini kinachozuia upepo huo usilipasue tairi na kutoka kwa kishindo ni nyuzi za nailoni au za chuma, zilizopangwa tabaka kwa tabaka kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Mpira ukitoboka, upepo hutoka na tunaujaza upya. Nyuzi zikikatika, hakuna solusheni, ile gundi ya kuzibia pancha, duniani inayoziunga tena.

Barabara zetu nazo zina namna zao za kuyajeruhi matairi, na ni muhimu kuzijua, kwa kuwa kila jeraha lina tabia yake.

Jeraha linalotokea mara nyingi zaidi ni mwiba. Upande wa Magarini na kuelekea Tana, mathenge umeenea hata umefunika malisho na vijia vya ng'ombe. Mti huu ni mgeni kwetu: mbegu zake zilipandwa Bamburi, karibu na Mombasa, mwaka 1973, kwa nia njema ya kurudisha kijani kwenye machimbo yaliyokwisha kazi, kisha katika miaka iliyofuata ukapandwa katika maeneo makame ya nchi ili kuzuia jangwa. Leo ni jambo la kawaida kuona trekta limesimama kwa sababu ya mwiba wake, kwa maana ni mgumu, hupenya mpira wa tairi la kazi bila shida, kisha hukatikia ndani. Sehemu iliyokatikia humo ndiyo hatari, kwani haionekani kwa nje, na tyubu mpya ikitiwa bila mwiba kuondolewa, itatobolewa mahali pale pale kabla jua halijatua. Uzuri wa mwiba ni kwamba hupita katikati ya nyuzi bila kuzikata nyingi. Tairi la mwiba karibu daima linazibika.

Jeraha la pili ni la jiwe la mwamba, lile jiwe la matumbawe ya kale ambalo sehemu kubwa ya pwani yetu imejengwa juu yake na ambalo huchomoza barabarani kila mvua inapouondoa mchanga. Jiwe hili likivunjika huwa na makali, na kwa kuwa tela hukata kona kwa ndani zaidi kuliko trekta linalolivuta, ubavu wa tairi lake husugua ukingo wa barabara pale ambapo dereva hatazami. Ubavu ni sehemu nyembamba kuliko zote na ndiyo inayokunjwa na kukunjuliwa kila gurudumu linapozunguka. Mkato wa ubavuni, hata ukiwa mfupi, ni jambo la kushughulikiwa kwa uzito tofauti kabisa na mwiba wa kwenye meno ya tairi, yaani ile sehemu inayokanyaga ardhi.

Jeraha la tatu hutokea kimya kimya, nalo ni chumvi. Yeyote aliyefanya kazi karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni anajua jinsi chuma kinavyoliwa huko. Rimu hushika kutu pale ukingo wa tairi unapokaa, kutu hiyo huinuka kwa maganda, na tairi lisilo na tyubu huanza kuvuja taratibu bila tundu lolote kupatikana. Nimeona watu wakibadilisha valvu mara mbili, wakilaumu tairi, ilhali dawa ilikuwa brashi ya waya, msasa, na rangi ya kuzuia kutu.

Sasa nieleze kisa kilichonithibitishia msimamo wangu. Tulikuwa tumepakia ngowe kwa ajili ya mnunuzi aliyekuwa na lori likisubiri mjini, na ngowe, kama ajuavyo kila aliyekulia pwani, ni embe lisilopenda kucheleweshwa likishaanza kubadilika rangi. Kabla ya kufika Ganda tela likaanza kuvuta upande mmoja. Dereva alishuka akakuta tairi la kulia limelala, na ubavuni lina mkato wa urefu wa kidole, wenye midomo safi kama uliopasuliwa kwa kisu. Kijana mwenye pampu na vyuma vya kubandulia alikuwa jirani, akatazama, akasema kwamba angelishona tairi kwa uzi wa nailoni, akaweka kipande cha tairi kuukuu kwa ndani, akatia tyubu, na tungefika mjini kabla ya adhuhuri. Mnunuzi kwenye simu aliafiki. Watu wote pale waliafiki, na mimi nilikubali shingo upande tu kwamba tairi libanduliwe, lakini si kushonwa. Tuliweka tairi la akiba, na lile lililojeruhiwa nikalipeleka kwa fundi mzee mjini Malindi, ambaye amekaa na matairi muda mrefu kuliko umri wa wengi wanaomletea kazi.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia, nikamwonyesha mkato.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, na wala hakuutazama mkato ule. Alilisimamisha tairi, akalitanua kwa mikono, akapitisha kitambaa cheupe kilichokunjwa ndani yake, duara zima, kisha akakifungua mbele yangu. Kitambaa kilikuwa na unga mweusi, laini, wenye chembechembe kama za pilipili manga iliyosagwa vibaya. Akanishika kidole akakipitisha ndani ya ubavu, mbali kabisa na mkato, na nikahisi mfereji mwembamba uliozunguka tairi lote, mahali ambapo mpira wa ndani ulikuwa umekunjwa hadi ukasagika. "Mkato huu hata mwanafunzi wangu angeuziba," akasema. "Lakini hili lilitembezwa bila upepo. Nyuzi zimeshavunjika huku kote. Ukilijaza, litapasuka ubavu mzima, na litampasukia anayelijaza."

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Dereva alikuwa ameenda mwendo mfupi tu kabla ya kugundua kwamba tairi limelala, na mwendo huo ulitosha. Tairi lililobeba mzigo bila upepo hukunjwa ubavuni kupita kiasi. Kila mzunguko hupinda nyuzi mahali pale pale, kama mtu anavyopinda waya hadi ukatike, na joto la msuguano huusaga mpira wa ndani ukawa unga. Kwa nje tairi hubaki na sura yake. Ndiyo maana wataalamu wa matairi makubwa wana kanuni kwamba tairi lililotembezwa likiwa na upepo chini ya asilimia 80 ya kiwango chake lihesabiwe kuwa limetembezwa tupu, na lisijazwe tena kabla ya kutolewa na kukaguliwa. Kushona mkato wa nje hakubadilishi lolote juu ya nyuzi zilizovunjika upande wa pili wa tairi. Kijana yule wa njiani hakuwa mdanganyifu. Alikuwa akitatua tatizo lililoonekana.

Kabla ya kufika kwenye ukaguzi, gurudumu lazima litoke, na kulitoa kwenye mchanga wetu kunahitaji utulivu. Mzigo ushushwe kwanza, japo upande wa gurudumu lenye matatizo, na wala haraka ya mnunuzi isiwe sababu ya kupandisha jeki chini ya mzigo wa tani tatu. Tela la ekseli moja lisitenganishwe na trekta, kwa kuwa mzigo uliobaki nyuma unaweza kuuinua kwa ghafla ule mkono wa mbele unaofungwa kwenye trekta na kumgonga aliye karibu. Gurudumu la upande wa pili lizuiwe kwa mawe mbele na nyuma. Nati zilegezwe kidogo wakati gurudumu bado liko chini, kisha jeki ikae juu ya kipande kipana cha ubao, kwani jeki isiyo na ubao huzama mchangani polepole, hadi mtu aliyeinama kando yake akajikuta amebanwa. Ikishainuka, gogo au tofali zito liwekwe chini ya ekseli. Mtu asitie mkono wala mguu chini ya kitu kinachoshikiliwa na jeki peke yake.

Kama tairi lina tyubu, lipo jambo dogo ambalo mafundi wazuri hulifanya na wengine hulisahau: kabla ya kutoa tyubu, huchora alama ya chaki kwenye tairi mahali valvu ilipokuwa, na kukumbuka upande upi wa tyubu ulitazama nje. Tyubu ikijazwa upepo kidogo na kuzamishwa katika karai la maji, viputo vitaonyesha tundu; na kwa kupima umbali kutoka kwenye valvu, tundu hilo litaelekeza mahali hasa ambapo mwiba umejificha ndani ya tairi. Bila alama hiyo, kinachobaki ni kupapasa tairi zima. Kupapasa kwenyewe kufanywe kwa kitambaa, si kwa vidole vitupu, kwani kitambaa hunasa ncha ambayo kidole kingeikuta kwa maumivu. Mwiba ung'olewe kwa koleo kutoka upande ulioingilia, na tundu lichunguzwe kama limekata uzi wowote.

Ukaguzi wa ndani unataka mwanga mzuri. Tazama kama kuna unga mweusi, mistari ya mikunjo inayozunguka ubavu, uvimbe, rangi ya samawati iliyoletwa na joto, au nyuzi zilizojitokeza. Ukingo wenye waya, ule unaoshika rimu, usiwe umepinda wala kukatika, kwa sababu ukingo ukikatika tairi haliokoleki kwa namna yoyote. Halafu soma maandishi ya ubavuni. Tairi la tela lililoandikwa 11.5/80-15.3 lina upana wa inchi 11.5, kimo cha ubavu ni asilimia 80 ya upana huo, na rimu yake ina kipenyo cha inchi 15.3. Kistari kilicho kabla ya namba ya mwisho kinaonyesha kwamba nyuzi zake zimepishana kimshazari. Herufi R ikiwa mahali hapo, nyuzi za ubavu zinakwenda moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo. Maandishi kama 14PR yanaeleza nguvu ya kubeba, na si lazima tabaka zenyewe zihesabike 14. Namba nne za mwisho katika tarakimu za kiwandani zinaeleza umri: 3518 ina maana ya wiki ya 35 ya mwaka 2018.

Tofauti hiyo ya kistari na R si ya vitabuni tu. Tairi la nyuzi za kimshazari lina tabaka nyingi zinazosaidiana, na mkato mdogo wa ubavuni ulioishia kwenye mpira au uliogusa tabaka la juu peke yake waweza kuwekewa kiraka kinene cha ndani na kufanya kazi ya shamba kwa mwendo mdogo. Tairi la R ubavuni huwa na tabaka chache tu, mara nyingi moja. Uzi ukikatwa hapo, hakuna mwingine wa kuubebea kazi. Zaidi ya hayo, mengi ya matairi ya lori yanayoishia kwenye matela yetu yana nyuzi za chuma, na mkato unaoachwa wazi hupitisha maji ya mvua na unyevu wa bahari hadi kwenye chuma hicho, kutu ikasafiri ndani ya mpira mbali na pale ilipoingilia. Kiraka cha tairi la kimshazari hakifai kuwekwa kwenye tairi la R, wala cha R kuwekwa kwenye la kimshazari, kwa kuwa kila kimoja kimetengenezwa kujinyoosha pamoja na nyuzi za aina yake. Ni kosa linalofanywa kila siku, na viraka hivyo hubanduka pembeni kabla ya msimu kumalizika.

Sasa tufike kwenye kuziba kwenyewe, ambako ndiko mkono wa fundi unakojulikana. Kiraka cha baridi, kile kinachobandikwa kwa solusheni bila moto, hakishikani na mpira kwa kunata peke yake. Solusheni nzuri ina kemikali inayoufunganisha mpira wa kiraka na mpira wa tairi, na kufungamana huko hakutokei juu ya uchafu, mafuta, jasho la vidole, wala ile poda ya kiwandani inayobaki ndani ya tyubu. Kwa hiyo mahali pa kiraka pasafishwe kwanza, kisha pasuguliwe kwa tupa au brashi hadi mng'ao uishe na mpira uwe na mikwaruzo midogo isiyofika kwenye nyuzi, na eneo lililosuguliwa lizidi kiraka kwa kila upande. Vumbi liondolewe kwa brashi kavu. Ukilipuliza kwa mdomo umeshalitia unyevu. Solusheni ipakwe nyembamba na kuachwa ikauke mpaka ukiigusa kwa mgongo wa kidole isiache alama. Katika hatua hii ndipo haraka inapoharibu kazi nyingi kuliko mahali pengine popote, kwa maana fundi mwenye wateja watatu wanaosubiri hubandika kiraka wakati solusheni bado ni mbichi, na mvuke uliofungiwa chini yake huwa ndiyo njia ya upepo kutokea kesho. Kiraka kikishawekwa, kikandamizwe kwa kigurudumu kidogo kuanzia katikati kwenda pembeni, ili hewa yote iliyo chini yake isukumwe nje.

Kwa tundu la kwenye meno ya tairi lisilo na tyubu, kile kijiti cha mpira kinachochomekwa kutoka nje ni cha kukufikisha nyumbani tu. Huzuia upepo kwa muda, lakini hakizuii maji kuingia, na hakimpi mtu nafasi ya kuona ndani. Ziba inayodumu hujaza tundu lenyewe kwa mpira na kulifunika kwa kiraka upande wa ndani, vyote viwili kwa pamoja.

Kiraka cha moto nacho kina heshima yake, na mimi nakipenda kwa tyubu za tela kuliko cha baridi. Mafundi wetu hukifanya kwa kifaa kilichotengenezwa na mafundi wa jua kali, wale wa karakana ndogo za mitaani: tyubu hulazwa juu ya bamba la chuma, kipande cha mpira mbichi huwekwa juu ya tundu, pistoni kuukuu ya injini hukandamizwa juu yake kwa skrubu, na ndani ya pistoni hiyo humiminwa mafuta ya taa kiasi kidogo yanayowashwa hadi yajizimie yenyewe. Mpira mbichi ule umechanganywa na salfa, na joto linapoupata huungana na mpira wa tyubu vikawa kitu kimoja. Hiyo ndiyo kanuni aliyoigundua Charles Goodyear huko Marekani mwaka 1839, kwamba mpira uliochanganywa na salfa na kupashwa moto huacha kuwa ulimbo unaoyeyuka juani na kuwa kitu kigumu chenye kunyumbuka. Tairi la upepo lililoleta mapinduzi barabarani lilikuja baadaye, John Boyd Dunlop alipolitengeneza Belfast mwaka 1888 kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Fundi anayepima mafuta kwa kifuniko cha chupa, akijua kwamba mengi yataunguza na machache hayataivisha, anafanya kazi ile ile iliyofanywa kiwandani tairi lilipozaliwa, na anastahili kulipwa kama mtu mwenye ujuzi.

Kuhusu kushona ubavu kwa nailoni, msimamo wangu ni mkali. Uzi wa mshoni hauchukui nafasi ya nyuzi zilizofumwa, na kila tundu la sindano ni jeraha jipya. Kipande cha tairi kuukuu kinachowekwa ndani huisugua tyubu kila gurudumu linapozunguka, kisha huitoboa. Naelewa kwamba tairi jipya ni ghali na kwamba mkulima mdogo hana njia nyingi, na kwa mkokoteni wa punda unaobeba maji nisingebishana. Kwa tela la tani tatu linalopita mbele ya shule na vituo vya bodaboda, nabishana.

Tairi lililozibwa likirudishwa kwenye rimu, kingo zipakwe maji ya sabuni, si grisi wala mafuta ya injini, ambayo hulainisha mpira na kuuharibu. Tairi ambalo liliundwa kutumika bila tyubu, likitiwa tyubu, libanduliwe kwanza karatasi na vibandiko vyote vilivyo ndani, kwani ukingo wa kibandiko hukata tyubu. Poda kidogo ndani ya tairi husaidia tyubu kukaa bila kujikunja. Kwa matairi ya lori, flepu, ule utepe wa mpira unaokaa kati ya tyubu na rimu, usirudishwe kama umepasuka.

Kisha huja kujaza upepo, na hapa sitaki kuandika kwa upole. Matela mengi ya kwetu yameundwa na mafundi wa jua kali kwa ekseli za malori ya zamani, na rimu zake ni za vipande, zenye ringi ya chuma inayolifungia tairi. Ringi hiyo ikiwa na kutu, imepinda, au haikukaa vizuri kwenye mfereji wake, upepo utairusha kwa nguvu ya kuua. Gurudumu la namna hiyo lijazwe likiwa ndani ya kizimba cha chuma, au angalau limefungwa kwa mnyororo mzito, kwa mpira mrefu wa kompresa, na anayejaza asimame upande wa meno ya tairi, si mbele ya ubavu. Tairi likikataa kukaa kwenye rimu, litolewe upepo na kuangaliwa upya. Kuliongezea upepo kupita kiwango kilichoandikwa ubavuni ili likae kwa nguvu ni kuchezea roho. Tairi lisilo na tyubu laweza kusaidiwa kwa kamba iliyofungwa kuzunguka meno yake na kukazwa kwa kijiti, hadi kingo ziguse rimu na kuanza kushika upepo. Wanaomimina petroli ndani na kuiwasha ili mlipuko ulisukume tairi mahali pake wanafanya jambo ambalo halina nafasi katika uwanja wowote wenye watoto.

Na rimu isichomelewe kamwe ikiwa na tairi juu yake, hata kama tairi halina upepo. Joto la kuchomelea huupika mpira kwa ndani, nao hutoa gesi zinazowaka, na gesi hizo zikifungiwa pamoja na hewa hulipuka kwa nguvu inayozidi kwa mbali kupasuka kwa kawaida, wakati mwingine baada ya fundi kuzima mashine yake. Hali kadhalika, nati iliyogandamana kwa kutu isipashwe moto gurudumu likiwa na tairi. Rimu yenye ufa itolewe tairi, na kwa maoni yangu ibadilishwe, kwa sababu ufa uliochomelewa hurudi karibu na mshono.

Gurudumu likisharudi, nati zikazwe kwa kupishana, moja hapa na nyingine upande wa pili, ili rimu ikae sawa. Zikazwe tena gurudumu likiwa chini, na zikaguliwe baada ya kilomita za kwanza zenye mzigo, kwani rangi na kutu zilizobanwa hulegea. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo, si kwa teke. Msimu ukiisha, tela liinuliwe juu ya mawe matairi yapumzike, au angalau lisogezwe mara kwa mara, na matairi yafunikwe kwa makuti, kwa maana jua la Malindi huupasua mpira mipasuko midogo midogo hata kama tela halijaenda popote.

Tairi letu la ngowe halikuzibwa. Tulinunua jingine lenye namba ile ile na nguvu ile ile ya kubeba, na lile la zamani nikamwomba fundi alikate ukingo kwa msumeno kabla sijaondoka pale. Tairi lililokataliwa lakini likaachwa zima huoshwa, hupakwa rangi nyeusi, na baada ya wiki chache huuzwa kando ya barabara kwa mkulima mwingine asiyejua habari zake. Likishakatwa, hakuna wa kulifunga kwenye tela, na bado lina manufaa: ubavu wake hutoa nyayo za sapatu na kamba za kufungia mizigo, na meno yake hukinga miguu ya ng'ombe kwenye sakafu ya boma. Nawasihi mafundi na wenye matela wafanye hivyo kwa kila tairi ambalo wameliona kwa ndani na kulikataa.